Thelathini, Sitini, Mia Ishirini

Mtu aliyewahi kufanya kazi ya maabara sawasawa utamtambua hata jikoni. Anapima kabla hajamimina, anaosha chombo kabla hakijakauka, na hanusi kitu kwa kukitumbukizia pua. Mimi nimestaafu, naishi hapa Shirimatunda na ng'ombe wangu wawili, lakini hadi leo nikipewa kikombe cha chai nakishika kwanza kwa nje nijue joto lake. Wajukuu wananicheka. Wacheke. Nimekaa na asidi miaka thelathini na moja, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, ninyi ambao vyeti vyenu vinasema mafundi sanifu wa maabara na walimu wanawaita "yule wa labu". Msinitegemee nifuate kalenda. Kumbukumbu zangu hazijapangwa kwa miaka, zimepangwa kwa aibu, na aibu kubwa nitaifikia. Nilifanya kazi shule ya wasichana kule juu ya Mkuu, Rombo, mahali ambapo Julai asubuhi ukifungua bomba maji yanakung'ata. Kumbukeni hiyo baridi, maana ndiyo iliyoniumbua.

Kwanza jaribio lenyewe. Unachora alama ya X kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Juu ya karatasi unaweka bika yenye maji ya thaiosalfeti, maangavu kabisa. Unamimina asidi, unabonyeza saa, unachungulia kutoka juu. Maji yanaanza kufifia kama yale ya kuoshea mchele, kisha yanakuwa ya manjano, kwa sababu salfa inajitenga na kutawanyika humo. X ikipotea, unasimamisha saa. Muda ukiwa mfupi, mmenyuko una kasi kubwa. Ukiwa mrefu, kasi ni ndogo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulifanya, na mtu mzima mwenye cheti anaweza kuliharibu kwa njia kumi na tano. Mimi nimejaribu karibu zote.

Mwezi wangu wa kwanza bika hazikutosha. Nikaenda bwaloni, nikachukua bilauri za chai, nikazipanga mezani, nikajiona mjanja. Waliopata bilauri nyembamba wakaona X imepotea upesi, wenye bika wakachelewa, na dawa ilikuwa moja. Nikamkimbilia Mzee Silayo, fundi aliyekuwa akinifundisha kazi, mtu mfupi mwenye koti lililowahi kuwa jeupe, ambaye wote tulimwita Meku, yaani mzee kwa Kichaga.

"Meku, dawa imeharibika."

Akaja, akaangalia bilauri, akaniangalia mimi. "Dawa haina kosa. Kwenye bilauri nyembamba maji yanasimama marefu, kwenye bika yanalala. Huyu umemwambia achungulie kupitia shuka tatu, yule kupitia shuka moja. Halafu unaisingizia dawa."

Tangu siku hiyo vyombo vyangu vilikuwa vya ukubwa mmoja, na X zote nilizichora mwenyewe kwa kalamu moja. Na kwa kuwa tumetaja asidi: unaitia asidi kwenye maji, kidogo kidogo. Hutii maji kwenye asidi. Sielezi zaidi, anayetaka maelezo aje aone kovu la mkono wangu wa kushoto.

Mzee Silayo hakuwa na maneno mengi ya kitabuni. Joto alinifundisha kwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mke wake alikuwa mpishi wa mbege anayejulikana kijijini, na Juni na Julai alikuwa analifunga pipa la ndizi kwa majani makavu ya mgomba, na juu yake blanketi. Februari hakuligusa. "Unaona?" Mzee Silayo aliniambia siku aliponipeleka kwake. "Ndizi ni zilezile, pipa ni lilelile. Baridi ikija, kitu cha siku tatu kinataka siku sita. Sasa wewe nenda kaandike kwenye daftari lako siku tatu, uone kama pombe itakusikiliza."

Kitabuni wanaeleza hivi: chembe zikipata joto zinakimbia zaidi na kugongana mara nyingi zaidi, na kubwa kuliko yote, nyingi zaidi zinagongana kwa nguvu ya kutosha kuvunja kilichokuwepo na kuunda kipya. Zikigongana bila nguvu hiyo zinapishana tu kama watu wasiojuana. Ndiyo sababu nyuzi kumi tu za joto zinaweza kuufanya mmenyuko ukimbie karibu mara mbili.

Mzee huyo ndiye aliyechora daftari la majaribio kwa rula na mkono wake. Kabla ya kila praktikali fundi anatakiwa alifanye jaribio yeye mwenyewe, aandike matokeo humo, na mwalimu anayatumia kusahihishia. Safu ya kwanza tarehe, ya pili joto, kisha muda, na mwisho safu nyembamba yenye neno moja: Aliyeona. Hapo ndipo unaposaini. Nilimuuliza kwa nini asiandike "Fundi" kama watu wengine. Akasema fundi anaweza kuwa ameketi nyumbani kwake.

Sasa oda. Naona vijana wanaliogopa neno hili bure. Oda inajibu swali moja tu: nikiongeza ukolezi wa kitu hiki, kasi inajali kiasi gani? Thaiosalfeti ni oda ya kwanza: punguza ukolezi nusu, kasi inapungua nusu, muda unakuwa mara mbili. Asidi kwenye jaribio hilihili, ongeza mara mbili, na kasi karibu haina habari nayo. Hiyo ni oda sifuri. Wasichana walikuwa hawaiamini sifuri. Nikawauliza, kwenu mna mashine ya kumenyea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono? Wanayo. Kama mdomo wa mashine umeshajaa, ukileta debe la pili likasubiri chini, mashine itamenya haraka zaidi? Wakacheka, wakaelewa. Debe linalosubiri ndilo asidi.

Oda ya pili niliwaelezea kwa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Watu kumi wakisalimiana kila mmoja na kila mwenzake, salamu ni arobaini na tano. Watu ishirini, ni mia na tisini. Watu wameongezeka mara mbili, salamu zimeongezeka kama mara nne. Mmenyuko ambao lazima chembe mbili za aina moja zikutane huenda hivyo. Lakini msikariri oda kwa kuitazama fomula ya mmenyuko na kuhesabu namba zilizo mbele. Haisomwi hapo. Oda inapatikana kwa kupima, na kupima maana yake ni kukaa na kutazama.

Ninyi siku hizi mna simu zenye saa ya kugawa sekunde vipande mia, na nyingine zinachora na grafu. Sisi tulikuwa na stopwochi chache, moja ikiwa inakimbia kuliko dunia, shule nzima ikiijua. Sioni wivu. Saa ya simu na ile ya kwetu zote zinasubiri mtu wa kuzibonyeza kwa ukweli, na hapo nakuja kwenye aibu yangu.

Mzee Silayo alipostaafu daftari likawa langu. Mwaka wa kwanza nilifanya jaribio vizuri kabisa, mchana mmoja wa Februari, jua limejaa dirishani. Nikapata sekunde thelathini kwa dawa kamili, sitini kwa ukolezi wa nusu, mia ishirini kwa robo. Namba safi kiasi kwamba niliziangalia mara mbili kwa furaha. Mwaka uliofuata praktikali ilihamia Julai, wanapoingia kidato cha tano. Wiki ile ng'ombe wangu alikuwa anazaa, ndama amekaa vibaya, nikakosa muda. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nikanakili. Thelathini, sitini, mia ishirini. Hakuna aliyelalamika. Mwaka mwingine ng'ombe hakuzaa, nikanakili tu.

Safu ya joto niliiacha wazi. Mkono wangu ulijua ninachofanya, ulikataa kuandika joto la Februari kwenye ukurasa wa Julai. Lakini kwenye safu ya Aliyeona nilisaini, miaka sita mfululizo.

Wasichana hawakuchelewa kugundua kwamba majibu hayabadiliki. Kidato cha sita waliwarithisha kidato cha tano bwenini: thelathini, sitini, mia ishirini. Nilikuwa nawasikia wakizitaja hizo namba wakiingia labu, na nilicheka nao. Niliona ni utundu wa watoto.

Ndipo akaja Mwalimu Mrosso, kijana wa kemia, mwenye akili na mwenye haraka. Nafasi za sayansi zilikuwa chache, akatangaza kwamba atakayeharibu praktikali ya kwanza atahamishiwa sanaa wiki hiyohiyo. Darasa lilikuwa na wasichana arobaini. Mmoja aliitwa Manka, ametoka shule ya kutwa huko chini upande wa Himo, shule isiyo na maabara hata ya kusingizia. Kemia alikuwa ameifaulu kwa kuangalia michoro ya kitabu. Bika ya kwanza maishani mwake aliishika kwa mikono miwili kama anashika kifaranga. Na kwa kuwa alikuwa ameripoti siku moja tu kabla ya praktikali, zile namba za bwenini zilikuwa hazijamfikia.

Siku ya praktikali ilikuwa asubuhi, ukungu umelala hadi kwenye migomba. Madirisha tuliyafungua yote, maana mmenyuko ule unatoa hewa inayokaba koo. Nilikuwa stoo nikipanga chupa. Nilipotoka, wasichana wengi walikuwa wanaosha vyombo, Manka bado ameinama.

"Bado tu?"

"Bado naiona X, Madam."

"Wenzako wamemaliza."

"Lakini bado naiona."

Nikamwambia aache ubishi, akusanye karatasi yake akimaliza. Nisameheni, ndivyo nilivyomwambia.

Kesho yake saa moja asubuhi Mwalimu Mrosso alikuja stoo na karatasi zake pamoja na daftari langu. "Shikamoo, Mama Kavishe."

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama. Kazi imekwenda vizuri, thelathini na tisa wamepatia. Huyu mmoja ndiye hajui hata kusoma saa. Sitini na sita, mia thelathini na moja, mia mbili sitini na nne! Mara mbili na zaidi ya majibu yako. Saa nne orodha inakwenda kwa mkuu wa shule, na jina lake limo, anakwenda sanaa."

Akaniachia karatasi niipange kwenye faili. Alipotoka, mlangoni akatokea Manka mwenyewe. Alikuwa ameshaambiwa. Hakuja kunililia nimtetee.

"Shikamoo, Madam. Naomba unionyeshe nilipokosea. Nikishajua nitaenda tu huko sanaa. Ila nataka kujua nilikosea wapi."

Nikaiweka karatasi yake mezani tuitazame pamoja, na mimi nikiwa na nia ya kumwonyesha. Sitini na sita kwenda mia thelathini na moja: karibu mara mbili. Mia thelathini na moja kwenda mia mbili sitini na nne: mara mbili tena. Oda ya kwanza, imenyooka. Mtu asiyejua kusoma saa hakosei kwa mpangilio huo. Makosa yanatawanyika, moja huku, moja kule. Hizi namba zilikuwa zimevutwa zote kwa kipimo kimoja, na kitu kinachovuta zote kwa pamoja nilikuwa nakijua. Nililiona blanketi la mke wa Mzee Silayo kana kwamba limetandikwa palepale mezani. Nikafungua daftari, nikaitazama safu ya joto, wazi, kurasa sita.

Nataka mjue kwamba nilikuwa na njia ya kutokea, tena nzuri. Ningesema Manka alipewa ile stopwochi inayokimbia. Mwalimu angekubali bila swali, binti angepewa nafasi ya kurudia, na mimi ningebaki msafi. Niliifikiria njia hiyo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kilichonizuia ni kwamba Manka angerudia akiwa ameshajifunza. Angeangalia wenzake wanaandika nini, angeandika hichohicho, na macho yake asingeyaamini tena. Mimi ndiye ningekuwa nimemfundisha.

Nikamwambia ashike kipimajoto na anifuate. Mwalimu Mrosso nilimkuta anaingia darasani.

"Mwalimu, kabla orodha haijaondoka, walete wote labu. Sasa hivi, jua halijapanda. Na saa tumia ya mkononi mwako."

"Mama, kuna nini?"

"Njoo uone, mwanangu. Nikikwambia kwa mdomo utanibishia."

Wakaja, wakazunguka meza. Manka akasoma kipimajoto kwa sauti ndogo: kumi na tano. Nikaweka bika juu ya X, nikamimina asidi, Mwalimu akaanza kuhesabu. Ilipofika thelathini X ilikuwa nyeusi tii, kila mtu anaiona. Msichana mmoja nyuma akasema "Yesu!" na mwenzake akamfinya. Arobaini. Hamsini. Kila mmoja wao alikuwa anaikumbuka karatasi yake. Ilipotimu sitini na tano, X ikapotea.

Tukafanya ya nusu. Mia na thelathini. Mwalimu alishusha mkono, akanigeukia. "Mama Kavishe, daftari lako linasema thelathini na sitini."

"Daftari langu linadanganya," nikamwambia. "Hizo namba ni za mchana mmoja wa Februari. Nimezinakili miaka sita bila kugusa bika, na nimesaini kwamba nimeona."

Niliyasema mbele ya wasichana arobaini ambao nilikuwa nawafokea wakiacha tone la maji mezani. Uso ulinichoma. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na kazi haiachwi nusu. Nikaagiza maji ya moto kutoka jikoni, nikakalisha dawa kwenye beseni mpaka kipimajoto kikafika ishirini na saba, nikarudia. Thelathini. Ya nusu, sitini. "Mnaona?" nikawaambia. "Joto limebadili muda wote, lakini mara mbili imebaki mara mbili. Kasi imepanda, oda haikusogea. Karatasi ya Manka ina oda sahihi, na ina asubuhi ya jana ndani yake. Za kwenu zina Februari ambayo hamkuwepo."

Mwalimu Mrosso aliwatazama. "Kwa hiyo hawa thelathini na tisa..."

"Walifanya nilichofanya mimi."

Alitoa ile orodha mfukoni, akalikata jina la Manka kwa kalamu nyekundu, mistari miwili. Wengine aliwaambia watarudia wote Jumatatu, saa moja asubuhi, kila mtu na kipimajoto chake. Mimi nilipewa barua ya onyo na mkuu wa shule, halali yangu. Ninayo mpaka leo, nimeiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa, na nikiiona sikasiriki.

Lakini asubuhi ile, wenzake walipotoka, Manka alibaki amesimama kando ya meza, machozi yanamtoka na hayafuti.

"Madam, kwa hiyo X niliiona kweli?"

"Uliiona kweli. Mimi ndiye niliyekuambia uache kuiona."

Nikalia na mimi kidogo, sina sababu ya kuficha. Kisha nikafungua daftari ukurasa mpya, nikampa kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika joto, kumi na tano, kwenye safu ambayo wino haukuwa umeigusa kwa miaka sita. Akaandika sitini na tano, na mia na thelathini. Alipofika mwisho wa mstari akasita, akaninyooshea kalamu.

"Hapa unasaini wewe, Madam."

"Soma palivyoandikwa juu," nikamwambia.

Akasoma. Akaivuta kalamu, akasaini jina lake.